Kikata Mikanda cha Baba, Nusu Thika Nusu Ruiru

Nyinyi vijana mna tabia moja inayoniudhi, na afadhali niiseme mapema tumalizane nayo. Mkiona chuma cha kale mnakimbilia msasa. Hamwulizi kilikuwa cha nani, hamwulizi kilifanya kazi gani, mnataka king'ae tu kama sufuria za bibi harusi. Nawajua kwa sababu hata mimi nilikimbilia msasa, na kama msasa haungeniishia siku ile nikiwa nimesugua upande mmoja tu, leo singekuwa na la kuwaambia.

Mimi ni fundi wa ngozi. Nasema ni, ingawa macho yalistaafu kabla yangu na siku hizi kutia uzi kwenye tundu la sindano ni vita. Hapa Thika nimeshona mishipi, mikoba, viatu vya shule, kola za mbwa wa matajiri na hatamu za punda wa maskini. Punda, niwaambie, ndiye mteja asiyejua unafiki. Ukimshonea vibaya anakuaibisha papo hapo barabarani. Sasa mmeniuliza kuhusu zana za kale, kama zina thamani na zinauzwaje. Nitawajibu, lakini kwa njia yangu, kwa sababu mara ya pekee nilipouza zana ya kale nilitoka nyumbani kutafuta mnunuzi nikaishia kumtafuta dada yangu.

Tuanze na baba. Marehemu hakuwa fundi wa viatu, ingawa mtaa wetu mzima wa Majengo, hapa Thika, ulimjua hivyo. Alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Ujana wake aliumalizia kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru, enzi wenye mashamba walipokuwa na farasi wa kupanda na maksai wa kukokota mikokoteni, na kila kilichovaliwa na mnyama kilipitia mikononi mwake. Trekta zilipokuja, farasi wakauzwa, na fundi wa farasi akabaki hana farasi. Akahamia Thika, akaketi barazani kwetu na kisanduku chake, akaanza kupiga soli. Dada yangu Mwanaidi alizaliwa kule shambani na akakulia ndani ya banda la matandiko. Mimi nilizaliwa Thika miaka mingi baadaye, nikamkuta baba anapiga soli, nikadhani ndivyo alivyoumbwa. Lishikeni hilo la dada kukulia shambani, litatufaa mbele.

Baba hakufundisha kwa mdomo. Mwaka wangu wa kwanza sikugusa kisu. Nilipaka uzi nta tu, hadi vidole vikanuka mzinga wa nyuki. Uzi usio na nta, alisema, ni ahadi ya mlevi. Nilipoanza kujiona fundi nikapata kazi ya mishipi ya shule moja huko Kalimoni. Nikaona ngozi ya mgongo ni ghali, nikakata ya tumbo, ambayo ni laini, inapendeza, inakubali rangi haraka. Mvua ya kwanza iliponyesha mishipi ikavutika kama chingamu, na wavulana wakawa wanaimba wimbo wa taifa mkono mmoja umeshika kaptura. Mwalimu mkuu alinirudishia mishipi yote ndani ya gunia, hata hakunisalimia. Baba alichukua mmoja, akauvuta, ukavutika, akaniambia tumbo ni la kula, mshipi hukatwa mgongoni. Hilo ndilo darasa lote nililopata na mpaka leo sijalisahau.

Na nyinyi watu wa gundi, msinicheke. Nawaona mnapaka gundi, mnabonyeza, mnapiga picha, mnauza. Baada ya miezi michache kiatu kinafungua mdomo kama mamba. Sisi tulishona kwa sindano mbili, moja kila mwisho wa uzi, zote zikipita tundu lilelile, hii ikienda huku na ile ikija huku. Uzi ukikatika upande mmoja, wa pili unashika. Ni kazi ya polepole na inaumiza mabega, lakini kuna hatamu nilizoshona hivyo ambazo zimewazika punda wawili na bado zinavaliwa.

Haya, turudi kwa baba. Alipofariki, baada ya arobaini, ndugu yake Ami Rajabu alikuja kutugawia kilichobaki. Ami alikuwa mtu wa haki, lakini haki iliyonyooka kama rula, na rula haina macho. Alitandika mkeka uani, akafungua kisanduku, akapanga kila kitu juu yake. Sheria yetu inajulikana, mwana wa kiume sehemu mbili, wa kike sehemu moja. Kwa hivyo akasema mimi nitachagua vitu viwili, kisha dada achague kimoja, kisha mimi viwili tena, mpaka mkeka uwe mtupu. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Ndivyo watu wetu walivyogawa ng'ombe, vikombe, hata kuku.

Mle kisandukuni vilikuwamo vitu viwili ambavyo baba alikuwa amevifunga kila kimoja kwa kitambaa chake. Cha kwanza kilikuwa na mpini wa mti mweusi unaojaa mkononi, na mbele yake mwili wa shaba wenye wembe mfupi uliosimama wima. Cha pili kilikuwa ubapa wa shaba wenye alama za inchi, na mwishoni una ukuta mdogo na kigurudumu. Sikuwahi kumwona baba akivitumia. Zamu yangu ilipofika nikachukua nyundo, na nikachukua hicho chenye mpini mweusi kwa sababu kilikuwa kizuri. Ikawa zamu ya Mwanaidi. Alivitazama vitu vyote, halafu akainama akaokota ule ubapa wa shaba. Ami akamwambia, mwanangu, makasi yako hapo, makasi yatakufaa kukatia nguo. Dada akajibu kwamba hicho kinamtosha. Nami nikawaza moyoni, maskini dada, hajui kuchagua.

Baada ya hapo hatukugombana. Ningependa kuwaambia tuligombana, kwa sababu ugomvi una siku yake na una suluhu yake. Yeye alirudi kwa mumewe Ruiru, mimi nikabaki Thika na kazi yangu. Thika na Ruiru ni pua na mdomo, lakini asiye na sababu ya kwenda haendi. Idd hii nikatuma salamu kwa mtu, Idd ile nikasahau. Mumewe alipokufa nilikwenda kumzika, nikarudi jioni ileile, na toka hapo sikukanyaga tena. Undugu wetu uliachia kama soli inavyoachia, mshono mmoja mmoja, na mguu hauhisi mpaka maji yaingie.

Sasa njooni miaka ya tisini. Mitumba ilikuwa imefurika hadi kwenye mitaro. Mama anakuja kwenye kibanda changu karibu na soko, anapapasa mkoba wangu, anausifu, halafu anavuka barabara kununua mkoba wa mtu wa Ulaya aliyeuchoka. Kilichonishikilia mjini kilikuwa mishipi na mikoba ya shule, na hizo nilizishona kwa mashine ya ngozi niliyoikodi kwa mama mmoja mjane. Mkono wa mashine ile ulikuwa mwembamba, ukiingia hadi ndani kabisa ya mkoba. Siku moja yule mama akaniambia kwa upole kwamba anahamia kwa mwanawe Nakuru na mashine ataiuza. Kuna mtu wa Nairobi aliyekwisha kuitaka. Alinipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya heshima, mpaka mwisho wa mwezi. Bila mashine ile kibanda changu kingekuwa kivuli cha kupumzikia tu, na watoto walikuwa shule.

Nikaangalia nyumbani nina nini cha kuuza. Redio ilikuwa mbovu. Baiskeli nilikuwa naihitaji. Jicho likatua juu ya meza ya kazi, kwenye kile kitu cha mpini mweusi. Miaka yote hiyo nilikuwa nakitumia kukandamiza ngozi gundi inapokauka, kwa kuwa shaba ni nzito. Nilikuwa nimewahi kukijaribu kama kisu, nikajikata kidole gumba, nikaona wembe wake umesimama upande usio na akili. Lakini watu walikuwa wameanza kusema wapo wanaonunua vitu vya kale. Basi nikachukua msasa.

Nilisugua upande wa kulia mpaka shaba ikawa kama jua la asubuhi. Nilipogeuza upande wa kushoto msasa ulikuwa umekwisha, na duka la jirani lilikuwa nao wa mbao tu. Nikasema basi, mnunuzi ataonyeshwa upande mzuri.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa kijana wa vyuma chakavu kule Kiandutu, anaitwa Kamau, mchangamfu, mizani yake inaning'inia kwenye mti wa mlango. Akakitupa juu ya mizani kabla sijamaliza salamu. Akaniambia, buda, hii ni shaba safi, ila huu mti utabidi niutoe, nisipime mti. Akachukua nyundo autoe. Sijui ni nini kilinishika. Labda nilikumbuka kiganja cha baba. Nikamnyang'anya. Kamau akacheka akasema wazee wa Majengo wanapenda vitu kuliko pesa.

Kutoka hapo nikaenda kwa Bwana Joginder. Huyu alikuwa Kalasinga, Mhindi wa kilemba, mwenye karakana ya vyuma upande wa viwandani, mzaliwa wa Thika, anayeongea Kikuyu kuliko wengi wetu na kutukana kwa Kikuyu kuliko Wakikuyu wenyewe. Nilikuwa nikimshonea aproni za ngozi za vijana wake wa kuchomelea. Nilijua ukuta wa ofisi yake umejaa zana za babu yake, randa, nyundo, koleo, zote zimepigwa misumari kwa mpangilio kama picha za jamaa.

Nilimwonyesha upande unaong'aa. Akavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akaniuliza nani amefanya hivi, nikasema ni mimi, nimekisafisha. Kisha akakigeuza upande mchafu, akavaa miwani, akasugua pole kwa kidole chenye mate, na hapo chini ya uchafu zikatokea herufi ndogo zilizogongwa, jina la mtengenezaji na mji wake wa Uingereza. Akanieleza kwamba mtu wa zana za kale hununua mikono iliyopita juu ya kitu, na ule weusi ndio alama ya mikono. Nilichokifanya mimi, akasema, ni kumnyoa mzee ndevu ili apate mchumba. Kama ningesugua pande zote mbili lile jina lingekwenda, na bei ingekwenda nalo.

Halafu akaingiza kidole kwenye tundu la mraba lililopita katikati ya ule mwili wa shaba. Tundu hilo nililiona kila siku na sikujiuliza. Hapo, vijana, ndipo mtie alama. Kwenye chombo kilichotengenezwa na mtu mwenye akili, hakuna tundu lisilo na kazi. Ukiona tundu tupu au skurubu isiyobana kitu, jua kuna kitu hakipo.

"Fundi," Bwana Joginder akaniambia, "hii ni nusu. Nusu haina bei. Nusu ya pili iko wapi?"

Nikamwambia mimi sijui kuna nusu gani. Akachukua chaki, akainama, akachora sakafuni. Akachora ubapa mrefu, akautia alama za inchi, akaweka ukuta mdogo mwishoni, na juu yake kigurudumu. Akasema hiki ni kikata mikanda cha mafundi wa farasi. Ubapa unapita kwenye tundu, unafungwa kwa skurubu kwenye upana unaoutaka, ukuta unatembea ukingoni mwa ngozi, kigurudumu kinailaza, na wembe unakata. Unasukuma mara moja tu, mkanda unatoka na upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sikuwa namsikia tena. Nilikuwa nautazama mchoro ule na kuuona mkeka wa Ami Rajabu. Tuligawana kwa haki, mbili na moja, mpaka tukakikata chombo cha baba vipande viwili kwa haki.

Bwana Joginder akasema kikiwa kizima atakinunua, na bei aliyoitaja ilinifanya nikae chini. Ilitosha mashine na nyingine kubaki. Akaniongezea maneno haya kwa Kikuyu, kwamba nisithubutu kukigusa tena kwa msasa, wala mafuta ya kupikia, wala kitu chochote kilicho jikoni kwa mke wangu.

Basi nikaenda Ruiru. Nilibeba sukari na majani ya chai, kama mgeni, na hilo peke yake lilinichoma, kwamba naenda kwa dada aliyenibeba mgongoni na nimebeba zawadi za mgeni. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Kama ameuza? Kama amempa mtu wa vyuma? Na hata kama anacho, ninaingiaje kwa mtu baada ya kimya kile chote na jambo la kwanza ninalotaka ni kitu chake?

Mwanaidi alikuwa anauza sambusa. Nilimkuta uani kwake, nyuma ya soko, meza imejaa unga, anakata manda, yale maganda membamba ya kufungia nyama. Mkono mmoja kisu, na mkono wa pili ameushikilia ubapa wa shaba wa baba. Aliulaza juu ya chapati, akakata, akausogeza kwa alama za inchi, akakata tena. Manda zake zote zilikuwa na upana mmoja. Nikasimama pale mlangoni na sukari yangu.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila haraka, akaniambia karibu, umepotea. Akanipa kiti. Tukaongea juu ya mvua, juu ya bei ya unga, juu ya watoto, juu ya mtu wa Murera aliyeuza shamba akanunua lori likamfilisi. Chai ikanyweka. Nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na yeye akaniacha nizunguke. Mwishowe nikatoa kile kitambaa, nikakifungua juu ya meza.

Mwanaidi akajipangusa unga. Akachukua mpini, akachukua ubapa, na bila hata kuangalia akaupitisha kwenye tundu, akasukuma, akakaza skurubu kwa dole gumba. Alifanya vile mtu anavyofunga vifungo vya nguo yake mwenyewe. Kikakaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakiona chombo cha baba kikiwa kizima.

"Umechelewa," akaniambia. "Wewe ni fundi wa namna gani?"

Kumbe alijua. Alijua tangu siku ile ya mkeka. Alinieleza akiwa amekishika mapajani. Kule shambani, alipokuwa msichana, yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wa baba. Baba alisukuma kikata mikanda, na yeye alishika ncha ya mkanda akarudi nyuma, hatua kwa hatua, akiuvuta unavyozaliwa, mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa banda. Hatamu za farasi wote wa shamba lile zilipita mikononi mwa dada yangu. Na mimi fundi, mwenye kibanda na jina, nilikuwa nakandamizia gundi.

Nikamwuliza mbona hakusema. Nilidhani atasema ni hasira, na ningeielewa hasira. Lakini hakukasirika.

"Ningesema, Ami angekipima kama kitu kimoja, akakupa wewe," akasema. "Nilikuangalia ukichagua pale mkekani, Rama. Nikaona ndugu yangu anakwenda, na baba hayupo, na hana tena sababu ya kuja kwangu. Nikaichukua sababu nikaitia kwenye kikapu."

Wanangu, nililia. Mtu mzima, meza imejaa sambusa, jirani anaanika nguo, nikalia. Niliona aibu na nilifurahi, vyote kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa. Miaka yote hiyo alikuwa ananingoja nije na nusu yangu, na mimi nilikuwa nangoja msasa.

Ilibidi nimwambie kilichonileta. Nikamweleza juu ya mashine, juu ya mwisho wa mwezi, juu ya Bwana Joginder na ukuta wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakizungusha kile kigurudumu kwa kidole, unga ukaanguka.

"Kiuze," akasema. "Mashine ni chakula cha watoto. Lakini niambie, ukishakiuza, utakuja kutafuta nini hapa?"

Ningeweza kumwambia nitakuja kumwona yeye, lakini tulijua wote wawili kwamba maneno hayo ni uzi usio na nta. Nikamwambia tu tusikiuze kabla hakijafanya kazi mara moja. Nitaleta ngozi.

Wiki ile nikapita kiwanda cha ngozi nikachagua kipande cha mgongo, kirefu, kinene, bila kovu la kupe wala la chapa. Nilinunua ngozi ghali wakati natafuta pesa, na mke wangu aliniuliza kama nina homa. Nikarudi Ruiru na ngozi begani. Tukailaza juu ya benchi uani. Nilinoa wembe, nikafunga upana, nikachanja mwanzo kwa kisu ili dada apate pa kushika. Yeye akavua kandambili, akajitanda leso vizuri, akashika ncha.

Nikasukuma. Mwanzo nilisukuma kwa mabega na wembe ukakataa. Dada akaniambia nisukume kwa tumbo, ndivyo baba alivyofanya, mabega yatulie. Nikasukuma kwa tumbo. Wembe ukaingia na ngozi ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayechana kitambaa kizito chumba cha pili. Mwanaidi akaanza kurudi nyuma. Aliurudia mwendo ule bila kuangalia alipokanyaga, uso wake umelegea, akipita karai la mafuta, akipita kuku, mpaka akajikuta ndani ya shuka za jirani kwenye kamba. Jirani, mama mmoja Mkikuyu, akatoka akauliza, atĩrĩrĩ, hebu niambieni, huyu mama anavuta nini jamani? Dada alikuwa amefunikwa shuka, anacheka, mkanda hajauachilia.

Ulikuwa mkanda mzuri kuliko wote niliowahi kukata. Upana mmoja, ukingo mmoja, kutoka mkononi mwangu hadi mkononi mwake. Nikachukua kisu na rula kwa mazoea, nikaanza kupima nigawe, mbili kwangu, moja kwake. Akanishika mkono. Akasema chombo cha baba tulikwisha kukigawa mara moja, inatosha. Huu hautagawanywa. Utakaa kwa mmoja, na mwingine akiukosa aje auchukue akae nao. Kisha yule wa kwanza naye aje auchukue. Hiyo ndiyo itakuwa sababu.

Nikampelekea Bwana Joginder kikiwa kizima. Alikijaribu kwenye kipande cha ngozi, akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akaona weupe kwenye kigurudumu akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni unga wa sambusa wa dada yangu, nimeogopa kuusafisha. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Alilipa alichoahidi. Nikagawa fedha kwa hesabu ya Ami, mashine ikaingia kibandani mwangu, na Mwanaidi akajinunulia karai kubwa na rula ya chuma, ambayo hadi leo anaitukana kwamba haina uzito. Kwenye ukuta wa Bwana Joginder kikata mikanda kilipigwa misumari upande mchafu ukiwa nje, na ule unga hakuutoa.

Kwa hivyo nikiulizwa zana ya kale inauzwaje, jibu langu ni hilo. Msiisugue. Tafuteni jina lake kwa kidole na mate, si kwa msasa. Ulizeni kila tundu kazi yake. Na kabla ya kutaja bei, ulizeni nyumbani nani mwingine ana kipande, kwa maana mara nyingi yupo, na mara nyingi anajua kuliko nyinyi.

Mashine ile ilisomesha watoto wangu, ikazeeka, nikaiuza kwa kijana wa Juja. Mkanda bado upo. Umekwenda na kurudi kati ya Thika na Ruiru mara ambazo hakuna aliyehesabu. Umekuwa mweusi kwa mafuta ya mikono yetu, Bwana Joginder angeupenda. Kwa miaka mingi dada alikuja kuuchukua kwangu, analala siku mbili, anamsema mke wangu kuhusu pilau, anaondoka nao umezungushwa ndani ya kikapu. Nami nikiukosa naufuata.

Sasa magoti yamemkatalia, hatoki uani. Zamu ya kuja ni yake na hawezi kuja. Basi siku hizi mimi ndiye ninayeupeleka, na mimi ndiye ninayekwenda kuurudisha. Kila nikifika mlangoni ananiambia nimechelewa.